Nilimwacha Rafiki Yangu Aamini Anapofuka, Kumbe Ni Darubini Niliyomnunulia

Nilikosa mimi. Nalisema mapema ili msifike katikati mkaanza kumtafuta mwingine wa kumtupia lawama. Hayupo. Nimemtafuta mwenyewe, tena mara mbili, sijamwona.

Mimi ni mfanyabiashara wa Tunduma. Nauza maturubai na kamba kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Ukija kununua kamba nitaipima mbele yako, halafu nitaipima tena. Siyo kwamba nakupenda sana, ni kwamba hata mimi mwenyewe sijiamini.

Sokoni wananijua kwa jambo moja tu: sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Kuna siku niliomba punguzo la dawa ya mafua, muuzaji akaniambia, "Mzee, basi ugua nusu."

Lakini kujulikana na kuwa na watu ni vitu viwili tofauti. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wangu wawili wako Dar es Salaam. Wananipigia simu Jumapili, wote wawili ndani ya nusu saa ileile, kama waliopangiwa zamu. Nyumba yangu ina vikombe kumi na viwili, kinachooshwa ni kimoja.

Mtu niliyekuwa naye duniani alikuwa mmoja. Nitamwita Baba Aneth, ingawa siyo jina lake. Ni mkulima wa kahawa na mahindi kule Igamba, mzee wa kanisa, amenizidi miaka kama saba hivi. Tulijuana alipokuja dukani kununua turubai la kuanikia kahawa. Tulibishana bei karibu saa nzima, mwisho akaondoka nalo kwa bei aliyoitaka yeye! Nikasema moyoni, huyu ama awe adui yangu ama awe rafiki yangu. Akawa rafiki.

Baba Aneth alikuwa na bunduki ya upepo, ile ya kukunja mtutu, inayorusha risasi ndogo kama punje ya mahindi. Ni silaha ya kanga na sungura, usiende nayo kwa nyati. Alikuwa nayo kihalali, na kibali cha kuwinda alikikata kila msimu, akakikunja na kukiweka ndani ya Biblia yake. Kanga wa porini walikuwa wakishuka shambani kwake kufukua mbegu za mahindi. Sungura nao walikuwa wakimaliza maharage.

Basi kila Jumamosi alfajiri napanda gari hadi Mlowo, pale nachukua bodaboda, naingia Igamba na mkate mkononi. Tunazunguka kando ya shamba mpaka saa sita mchana. Yeye anapiga, mimi nahesabu hatua kutoka aliposimama mpaka alipoanguka ndege. Hatua kumi na nane. Ishirini na mbili. Ikifika thelathini tunasimuliana wiki nzima.

Tukirudi tunamkuta mkewe, Mama Aneth, kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni.

"Shemeji, ninoe kisu au nichambue maharage?"

"Noa kisu, shemeji!"

Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yangu, jamani. Siku nyingine sita zilikuwa za kusubiri tu.

Sasa, mwaka juzi Baba Aneth alianza kulalamika. Bunduki yake ina kinundu mbele ya mtutu, cha kulengea. "Nikikiona kinundu simwoni kanga," akasema, "nikimwona kanga sikioni kinundu." Fundi mmoja wa bunduki akamwambia hayo ni mambo ya umri, yanampata kila mtu, dawa yake ni darubini ya kufunga juu ya bunduki. Ila akamwonya kwamba darubini siyo zote sawa.

Baba Aneth alinieleza aliyoambiwa, akikunja kidole kimoja kimoja.

"Kuna isiyorekebishika, imefungwa kiwandani ili ione mbali. Hiyo ni ya wenye bunduki kubwa. Kuna yenye pete mbele. Unaizungusha kufuatana na umbali wa ndege, mpaka umwone safi. Halafu kuna yenye kitufe cha kuzungusha ubavuni, hiyo waachie wenye nafasi zao. Mimi natafuta ya pete. Huko kwenu mpakani zipo?"

"Kaka, acha hiyo kazi kwangu," nikamwambia. "Na usitoe hela. Nakuletea zawadi."

"Ya pete, mdogo wangu."

"Unamwambia nani? Mimi nimekulia sokoni!"

Nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Kuna mama mmoja wa Kizambia anauza ndoano za kuvulia, tochi, visu na vitu kama hivyo. Mama mpana, miwani ameipandisha kichwani, Kiswahili chake kimechanganyika na Kibemba.

"Ba mudala, mwaiseni!" akanikaribisha. Ba mudala kwao ndiyo kusema mzee. "Unapiga nini na hiyo bunduki?"

"Ndege. Hatua ishirini hivi."

"Basi chukua hii ya pete."

"Na ile kubwa pale?"

"Ile ni ya bunduki kubwa, ya kuangalia mbali. Karibu haioni vizuri. Njoo nikuonyeshe."

Akailaza ile kubwa juu ya mfuko wa maharage, akaielekeza kwenye kopo la rangi lililokuwa ukutani upande wa pili.

"Weka jicho. Unaona msalaba mweusi?"

"Nauona."

"Sasa sogeza kichwa kidogo tu. Darubini usiiguse."

Nikasogeza kichwa. Ule msalaba ukatembea! Ukatoka katikati ya kopo, ukaenda pembeni, nikarudisha kichwa nao ukarudi, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Na darubini imetulia palepale.

"Umeona?" akasema. "Jicho likikaa vibaya kidogo, risasi inakwenda kwa jirani. Mbali haisumbui sana. Karibu inasumbua."

Akailaza ile ya pete, akazungusha, kopo likatakata. Nikatikisa kichwa changu kama mwendawazimu, msalaba haukubanduka.

Kwa hiyo nilielewa. Mtu asije akaniombea msamaha kwamba labda sikuelewa. Nilielewa vizuri kuliko fundi!

Kisha nikauliza bei.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipopanda. Ile kubwa isiyorekebishika ilikuwa nusu ya bei ya ile ndogo. Nusu! Na ilikuwa nyeusi, inang'aa, ndani ya boksi lenye picha ya simba. Nikamshusha tena kwenye ile nusu, nikamshusha tena, mpaka mama wa watu akacheka. "Ba mudala, wewe siku ukifa utamwomba malaika punguzo." Nikajiambia kioo ni kioo, si kinakuza tu? Nikalipa.

"Natotela," akashukuru, lakini alitikisa kichwa.

Nilishazoea kubishana bei na watu. Siku ile nilibishana bei na ukweli, nikaushinda, nikatoka nimejishika kiuno kama bingwa.

Jumamosi nikaipeleka. Baba Aneth akaitoa kwenye boksi taratibu, akapitisha vidole mbele ya kioo, akazunguka nacho chote.

"Pete iko wapi?"

"Kaka, hizi ni za kisasa. Zinajirekebisha zenyewe."

Zinajirekebisha zenyewe. Maneno mawili. Nimeyahesabu na kuyarudia, hayazidi mawili.

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye niliyekulia sokoni. Na halafu ni zawadi, nani anayekagua zawadi mbele ya aliyeileta?

Tukaifunga, tukaweka karatasi kwenye mti, hatua hamsini. Ikapiga vizuri, kwa sababu mbali ndiko inakoona. Nikashangilia kuliko mwenye bunduki. Tukaingia shambani.

Kanga wa kwanza tulimkuta hatua kama kumi na nane. Baba Aneth akapiga goti, akaweka jicho. Akalitoa. Akaliweka tena.

"Mdogo wangu, naona ukungu."

"Futa kioo," nikamnong'oneza.

Akafuta kwa pindo la shati. "Bado."

"Basi labda ni macho yako, kaka."

Nilisema nikicheka. Ndugu zangu, nilisema nikicheka!

Yeye hakucheka. Akapiga. Manyoya yakaruka, kanga akajiburuta na bawa moja mpaka ndani ya kahawa.

Baba Aneth ana sheria yake, na siku zote ameishika: ukimjeruhi mnyama unamfuata mpaka umalize, hata kama ni njiwa. Tulimfuata kanga yule kutoka mstari mmoja wa kahawa hadi mwingine. Tukainama chini ya kila mti. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Hatukumpata. Baba Aneth akakaa chini kwenye tuta, bunduki mapajani.

"Sijawahi kumwacha kiumbe na maumivu," akasema. "Sijawahi."

Tuliporudi Mama Aneth akauliza habari ya kisu na maharage. Baba Aneth akapita, akaenda kuweka bunduki.

Jumamosi iliyofuata, hivyohivyo. Na iliyofuata. Risasi nane, ndege mmoja, na huyo mmoja nadhani alijipeleka mwenyewe. Jirani yake mmoja alikuwa akipita njiani na baiskeli, akapaza sauti: "Baba Aneth! Hao kanga siku hizi wanakuja na wageni wao kukuangalia!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ili nisionekane kama mtu anayejua kitu.

Mama Aneth akaacha kuuliza. Tukawa tunarudi tunakuta maharage yameshachemka.

Siku moja Baba Aneth alikwenda kuongea na mtu barabarani, akaniachia bunduki ikiwa haina risasi. Nikailaza juu ya gunia, nikaielekeza kwenye kisiki, hatua ishirini. Nikasogeza kichwa. Msalaba ukatembea. Nikasema nihakikishe. Nikasogeza tena. Ukatembea tena.

Ushahidi wote nilikuwa nao mkononi. Nikaisimamisha bunduki ukutani, nikakaa kimya.

Mtaniuliza kwa nini. Hata mimi nimejiuliza. Mwanzoni ilikuwa aibu. Mtu anayesifika kwamba hauziwi mbuzi kwenye gunia, aseme vipi kwamba yeye ndiye aliyejiuzia mwenyewe? Baadaye ikawa hofu. Nilikuwa na siku moja katika wiki ya kukaa na watu wakaniita ndugu. Nikaona nikifungua mdomo naipoteza. Nikaufunga ili niilinde. Hesabu gani hiyo! Na mimi hesabu najua.

Sasa sikieni ambalo sikulijua.

Jumamosi moja tumekaa kwenye ukingo wa shamba, hajapiga hata risasi moja, akasema bila kunitazama:

"Baba yangu alipofuka akiwa na umri wangu huu. Ilianza na ukungu."

Nikamgeukia.

"Kaka, nenda hospitali," nikasema. Oneni unafiki! Nampa ushauri wa hospitali, na dawa iko kinywani mwangu.

"Baba tulimpeleka. Walitwambia tumechelewa. Mimi sitaki kwenda kuambiwa, nikiona giza nitajua ndilo lenyewe."

"Lakini mbali si unaona? Ile pikipiki kule unaiona?"

"Naiona mpaka namba. Baba naye mwanzoni mbali aliona."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Pikipiki ile ilipita, ikapotea kwenye kona, vumbi likatulia, na sikusema.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Herufi za Biblia nazo zilikuwa zimeanza kumfifia, basi kanisani aliacha kusoma neno, kazi aliyoifanya miaka mingi, akampa mwenzake. Pikipiki yake akaiuza. Kisha bunduki. Alitokea bwana mmoja wa Galula, wakaandikishana polisi kama sheria inavyotaka, akaondoka nayo. Mimi nilifika siku ya pili yake. Baba Aneth akatoka chumbani na kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Darubini yako nimeitoa kabla sijauza," akasema. "Ni kitu kizuri, isiharibiwe jina na macho yangu. Mpe mtu mwenye macho."

Nikaipokea. Kwa mikono miwili, kwa adabu, nikasema asante! Njia nzima kurudi Tunduma nimeipakata, abiria mwenzangu akaniuliza kama nimebeba kitu cha kuvunjika. Nikamwambia kimeshavunjika.

Hamjasikia la mwisho.

Niliendelea kwenda, ingawa hatukuwa na bunduki tena. Nilikuwa nakwenda kukaa tu. Jumamosi moja nikamkuta uani, amefumba macho, mkono ameunyoosha mbele, anatembea kutoka mlangoni kuelekea kisimani. Midomo inatembea.

"Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu." Mkono ukagusa ukingo wa kisima. Akafumbua macho, akaniona.

"Kaka, unafanya nini?"

"Najifunza nyumba yangu," akasema, akijaribu kutabasamu. "Nijifunze sasa, nikikosea naweza kufumbua. Wewe si mtu wa kuhesabu? Hebu nihesabie kutoka jikoni hadi chooni, mimi nikihesabu nachanganyikiwa pale penye mteremko."

Nikahesabu.

Mungu anisamehe, nilihesabu! Hatua thelathini na sita. Nikarudi nikahesabu mara ya pili, nikampa jibu, akanishukuru. Nilimpimia rafiki yangu giza kama ninavyowapimia madereva kamba.

Wiki ile sikuwa mtu. Dereva mmoja alinunua kamba, nikaipima mara tatu, nikasahau, nikataka kuipima ya nne. Akasema, "Mzee, hii kamba ni ya kufungia mzigo au ya kupimia akili?"

Jumanne nikavuka Nakonde. Mama wa darubini alinikumbuka. Nikachukua ile ya pete, nikalipa bei aliyotaja bila kusema neno.

Akashusha miwani akanitazama. "Ba mudala, leo huombi punguzo? Umefiwa?"

"Karibu hivyo," nikamjibu.

Kesho yake nikafika Igamba, Jumatano, siku ambayo siyo yangu. Baba Aneth alikuwa anapanga magunia uani. Sikukaa. Nikaweka kopo juu ya kisiki, nikahesabu hatua ishirini, nikalaza darubini mbili juu ya gunia la mahindi.

"Kaka, angalia kwenye hii kubwa."

"Ya nini tena?"

"Angalia tu, nakuomba."

Akainama. "Ukungu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea.

"Sasa hii. Zungusha hapa mbele, polepole."

Akazungusha. Mara mkono ukasimama. Mimi nikawa nasikia kuku tu wakiparua. Halafu akaanza kusoma maandishi ya kwenye kopo, herufi ndogo zile za chini kabisa, ambazo hata mimi sikujua kama zipo. "Hifadhi... mahali... pakavu." Akasoma tena. Akatoa jicho, akalirudisha, akasoma mara ya tatu kwa sauti ya kanisani.

Akacheka! Kicheko hicho sikuwa nimekisikia kwa miezi mingi. "Mama Aneth! Mama Aneth, njoo! Naona!"

Mama Aneth akatoka mbio na ungo mkononi, mchele unamwagika.

Ningekufa dakika ile ningekufa na furaha. Lakini sikufa. Na Baba Aneth siyo mjinga. Kicheko kikapungua kidogo kidogo. Kidole chake kikawa kinazunguka ile pete, kinazunguka.

"Hii ndiyo pete," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Na ile haikuwa nayo."

"Haikuwa nayo."

"Muuzaji alikudanganya?"

Oneni mtu huyo! Alinifungulia mlango yeye mwenyewe. Ningesema ndiyo, angenipa pole, tungemsema yule mama wa watu, tukala. Neno moja tu, na la uongo nilikuwa nimelizoea.

"Hapana," nikasema. "Aliniambia ukweli. Alinionyesha kabisa msalaba unavyotembea."

"Kwa hiyo ulijua lini?"

"Kabla sijalipa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea salamu za mbali.

"Siku ya yule kanga wa kwanza, ulijua."

"Nilijua."

"Siku nilipokwambia habari za baba yangu."

"Nilijua, kaka."

"Na siku nilipokuomba unihesabie hatua?"

Mama Aneth akajibu badala yangu, amesimama nyuma yetu na ungo wake. "Alijua."

Nilisubiri matusi. Niliyataka! Anipige hata kofi, ningemshukuru. Baba Aneth akajifuta mikono, akamgeukia mkewe.

"Mgeni ametoka mbali. Mwandalie chakula, ale sebuleni."

Mgeni!

Labda wewe hulioni kosa hapo. Mimi pale nyumbani miaka yote nilikuwa nakula jikoni, kwenye kigoda, mkono wangu na wake kwenye ugali mmoja, moshi unatutoa machozi wote. Nikichelewa kunawa Mama Aneth ananifokea. Siku ile nikaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Wakachinja kuku. Nikamwagiwa maji ya kunawa, nikawekewa wali kwenye sahani yangu peke yangu, umefunikwa. Baba Aneth akakaa kiti cha mbele yangu, akaniuliza barabara ikoje, na kama malori mpakani bado ni mengi, na biashara inakwendaje. Aliuliza vizuri kabisa, kama unavyomuuliza mtu uliyekutana naye msibani.

Kuku yule sikumla, nilimmeza.

Akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. "Karibu tena," akasema. Mama Aneth akaniambia, "Safari njema, baba." Siyo shemeji. Baba.

Sasa hivi ni miezi tisa. Nikimpigia simu anapokea, haikati, ananijibu kwa upole. Hajawahi kuniuliza nitakwenda lini. Nasikia alinunua miwani ya kusomea na kanisani amerudi kusoma neno, na hilo ndilo jambo pekee linalonipa usingizi. Bunduki hakununua nyingine. Jumamosi nafungua duka. Majirani wanasema biashara yangu imekua, siku hizi sifungi hata siku moja.

Basi niwaambie niliyonayo, kwanza wale wenye bunduki za upepo, kwa sababu haya nimeyalipia.

Kama ndege wako wako hatua kumi mpaka thelathini, tafuta darubini inayorekebishika, na uulize inashuka mpaka umbali gani, maana kuna zenye pete zisizoshuka chini ya hatua hamsini. Hizo ni pambo. Ya pete mbele inatosha kwa mtu wa kawaida, ingawa lazima unyooshe mkono, na kanga akiona mkono anaaga. Ya kitufe ubavuni haikusumbui hivyo, ila ni ghali na nzito. Isiyorekebishika siyo takataka. Ipo inayopangwa kwa umbali mfupi, na mtu anayeweka jicho palepale kila siku anaweza kuishi nayo. Lakini ile ya bunduki kubwa usimpelekee mtu wa kanga. Kabla hujalipa, ilaze kwenye mfuko, sogeza kichwa, tazama msalaba kama unatembea. Ukitembea, na wewe tembea, toka dukani humo!

Na wengine wote, msiojua hata bunduki inashikwaje, mnisikilize.

Ukimpa mtu kitu kibovu halafu akaanza kujilaumu yeye, usimwache alale na lawama hiyo hata siku moja. Mwambie. Mwambie angali ana hasira za kukutukana, akurushie hicho kitu usoni, akuite mwizi mbele ya mkewe. Anayekutukana bado anakuhesabu kuwa wake.

Ukichelewa, hatakutukana. Atakukaribisha vizuri, akuchinjie kuku.